Kisomeo cha Kwanza kwa Mtu wa Karatasi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua

Mambo huwa yaleyale. Mpenzi wa vitabu vya karatasi anaamua kujaribu, ananunua kifaa kilichosifiwa sana, anasoma kurasa 30, kisha kifaa kinalala kwenye droo na yeye anarudi rafuni kwake. Akiulizwa, husema amekosa harufu ya karatasi. Ukichunguza vizuri, mara nyingi harufu haihusiki kabisa. Ama alinunua kishikwambi akidhani ni kitu kilekile, ama alijaza kifaa kidogo kwa mafaili ya PDF yasiyosomeka, ama alichukua kifaa kilichofungwa kwenye duka ambalo vitabu anavyovipenda havimo.

Makosa yote matatu yana mzizi mmoja: kuanza na kifaa. Mwongozo huu unaanza na vitabu, na kifaa kinakuja baadaye sana.

Tukisema kisomeo tunamaanisha kifaa chembamba chenye kioo cha wino wa kielektroniki, kilichoundwa kwa kusomea tu: Kindle, Kobo, PocketBook, Boox na wenzao. Simu na kishikwambi si visomeo, hata vikiwa na programu ya vitabu.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi mbili tupu, kalamu, rula na mkasi
- Vitabu vitatu vya karatasi unavyovipenda, vya ukubwa tofauti
- Mizani ndogo inayosoma gramu, kama ipo
- Simu yenye intaneti, kwa ajili ya kutafuta majina ya vitabu
- Kompyuta na waya wa USB unaopitisha data (nyaya nyingi za bei nafuu hupitisha umeme tu)
- Anwani ya barua pepe ambayo neno lake la siri unalikumbuka
- Siku 14 za majaribio baada ya kununua

## Hatua ya 1: Andika vitabu 20

Kwenye karatasi ya kwanza, andika vitabu 10 vya mwisho ulivyovisoma hadi ukurasa wa mwisho, na 10 unavyotaka kuvisoma mwaka huu. Usiandike vile unavyoona aibu kuwa hujavisoma. Kifaa hakitakufanya msomaji mwingine.

Kisha weka alama mbele ya kila jina:

- M kama ni maandishi matupu: riwaya, hadithi fupi, wasifu, insha
- P kama kina picha, ramani au majedwali ya maana
- S kama ni ushairi
- R kama ni kitabu cha rejea, cha kurukaruka kutoka ukurasa huu hadi ule

Kisomeo kimezaliwa kwa ajili ya M. Kwa P na R kinajikokota, kwa sababu kugeuza kurasa nyingi kwa haraka ndipo kinapozidiwa na karatasi. Kidole chako kinaweza kuruka kurasa 80 za karatasi kwa sekunde moja na kukuta jedwali lilipo. Kwenye kisomeo utafungua menyu, utaandika namba, utasubiri.

Ushairi unastahili neno lake. Shairi la tarbia lenye mizani 16 huandikwa ukwapi na utao kwenye mstari mmoja. Kwenye kioo cha inchi 6, fonti ikiwa kubwa kidogo tu, mshororo hukatika, kina cha mwisho huangukia mstari wa chini peke yake, na jicho haliuoni tena ubeti. Kulaza kifaa ili kisome kwa upana husaidia, lakini si vifaa vyote vinavyoruhusu. Kama S zako ni nyingi, ziache kwenye karatasi bila kinyongo.

Utajua umefaulu: una hesabu. M zikiwa 12 au zaidi, endelea. Zikiwa chini ya 8, kisomeo hakitakufaa sana kwa sasa, na fedha hizo ni afadhali zinunue vitabu.

## Hatua ya 2: Tafuta vitabu hivyo viko wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua kifaa. Chukua kila jina lenye M na ulitafute mahali panne: kwenye maduka makubwa ya vitabu pepe (la Kindle, la Kobo, la Google Play), kwenye tovuti ya mchapishaji mwenyewe, kwenye maktaba uliyojiandikisha, na kwenye hazina za vitabu vilivyotoka kwenye hakimiliki kama Project Gutenberg na Standard Ebooks. Andika pembeni ulikipata wapi na katika mfumo gani.

Unapotafuta dukani, hakikisha umeingia kwa akaunti yako na nchi yako imewekwa sawa. Kitabu kinachoonekana kwa mgeni anayepita kinaweza kukataa kuuzwa mara tu duka linapojua uko wapi, maana haki za uuzaji hugawanywa kwa nchi.

### Mifumo ya mafaili

EPUB ndiyo lugha ya pamoja. Maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo na ukubwa wa fonti. Kobo, PocketBook na Boox huisoma moja kwa moja.

Mifumo ya Kindle (AZW3 na KFX) ni ya Amazon. Kindle haifungui EPUB iliyonakiliwa kwa waya. Unapaswa kuituma kupitia huduma ya Send to Kindle, ambayo huibadilisha yenyewe, au kuibadilisha kwanza kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya Calibre. Watu wengi hunakili EPUB kwa waya, wanaangalia rafu ya Kindle, hawaoni kitu, wanadhani kifaa kimeharibika.

PDF si kitabu pepe bali ni kama picha ya ukurasa. Mistari yake haijipangi upya. Tutairudia kwenye hatua ya 3, kwa sababu ndiyo imezika visomeo vingi.

### Kufuli

Vitabu vingi vya dukani vina kufuli la kidijitali. Kitabu chenye kufuli la Amazon husomeka kwenye Kindle na programu za Kindle tu. Chenye kufuli la Adobe husomeka kwenye Kobo na PocketBook, si kwenye Kindle. Kilichonunuliwa kwenye duka la Apple kikiwa na kufuli hakisomeki kwenye kisomeo chochote cha wino. Calibre haibadilishi faili lenye kufuli.

Mtu wa karatasi aelewe na hili mapema: mara nyingi unaponunua kitabu pepe unanunua ruhusa ya kukisoma, si nakala. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe, vitabu vikatoweka kwa wanunuzi na fedha zikarudishwa. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua hadi kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Kama kumiliki ni jambo zito kwako, nunua kwa wachapishaji wanaouza EPUB bila kufuli, hifadhi nakala mbili mahali tofauti, na kile unachokipenda mno kiwe na ndugu yake wa karatasi rafuni.

### Maktaba

Kobo nyingi zina OverDrive, huduma ya kuazima vitabu pepe vya maktaba, ndani yake: unaingia kwa kadi ya maktaba na kuazima papo hapo, ili mradi maktaba yako iwe imejiunga. Kuazima kwa Libby, programu ya simu ya OverDrive hiyohiyo, na kusomea kwenye Kindle kunawezekana kwa maktaba za Marekani. Kama kuazima ndiyo desturi yako, kigezo hiki kimoja kinaweza kumaliza mjadala.

### Kusoma majibu

Majina mengi yakiwa kwenye duka moja, chukua kifaa cha duka hilo. Yakiwa yametawanyika kwa wachapishaji, maktaba na hazina za bure, chukua kifaa cha EPUB. Yakiwa kwenye maduka mawili au matatu yanayogombana, angalia kisomeo kinachotumia Android, kwa kuwa humo unaweza kuweka programu ya kila duka. Bei ya uhuru huo ni betri inayokwisha mapema na menyu nyingi za kuchezea badala ya kusoma.

Utajua umefaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja vitabu vyako vingi viko wapi na vina kufuli la nani. Kama huwezi, usiende dukani bado.

## Hatua ya 3: Pima ukubwa kwa mkasi

Usiamini neno "inchi". Hupimwa kutoka kona hadi kona, na jicho halijui kusoma kona. Kwenye karatasi ya pili chora mistatili hii, uikate:

- Inchi 6: sentimita 9.1 kwa 12.2
- Inchi 7: sentimita 10.7 kwa 14.2
- Inchi 7.8: sentimita 11.9 kwa 15.8
- Inchi 10.3: sentimita 15.7 kwa 20.9

Weka kila kipande juu ya ukurasa wa kitabu chako, juu ya maandishi yenyewe, pembezo nyeupe zikiachwa nje. Hapo wengi hushangaa: maandishi ya riwaya ya mfukoni hayapishani sana na kioo cha inchi 7. Kile cha inchi 6 hupungukiwa mistari kadhaa, ambalo si tatizo, ila utageuza kurasa mara nyingi zaidi.

Kwa riwaya zinazosomewa safarini au kitandani, inchi 6 hutosha. Inchi 7 ndiyo tunayompendekezea mtu wa karatasi anayeanza, hasa kama macho yanahitaji fonti kubwa, kwani fonti ikikua kwenye kioo kidogo kila mstari hubaki na maneno manne na usomaji unadundadunda.

Onyo la PDF. Fanya hesabu hii kabla hujajidanganya. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Kioo cha inchi 6 kina 91. Ukurasa mzima ukibanwa humo, herufi ya pointi 12 inabaki kama ya pointi 5, ndogo kuliko maandishi ya kijikaratasi cha dawa. Unaweza kuvuta na kusogeza, ila kwenye kioo cha wino kila msogeo ni mzito. PDF zikiwa zaidi ya robo ya orodha yako, ni inchi 10.3 au ubaki na kompyuta. PDF iliyotokana na kupiga picha kurasa za kitabu ni mbaya zaidi: hata ukiibadilisha kwa Calibre, ndani hamna maandishi ya kubadilishwa, mna picha tu.

## Hatua ya 4: Chunguza kioo

Ndani ya kioo cha wino wa kielektroniki mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda na nyingine hushuka, kisha hubaki hapo hapo bila kutumia umeme mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo maana kifaa kikizima ukurasa waweza kubaki unaonekana, na ndiyo maana juani kinasomeka kama karatasi wakati simu inageuka kioo cha kujitazamia.

Angalia mambo manne:

Msongamano wa nukta. Tafuta 300 kwa inchi. Vifaa vya zamani vya 167 au 212 vinasomeka, lakini macho yaliyozoea chapa safi yataona kingo za herufi zimekwaruzika. Vioo vya inchi 10.3 vingi vina 227, na kwa ukurasa mkubwa inavumilika.

Taa. Katika kisomeo taa hukaa pembezoni na kumwaga mwanga juu ya kioo, haikupigi machoni kama ya simu. Zima taa za chumba, weka mwanga wa kati, utazame kingo zote. Madoa ya kivuli kidogo chini ni kawaida. Upande mmoja ukiwa na rangi tofauti kabisa na mwingine, omba kingine.

Mwanga wa joto. Uwezo wa kubadili mwanga kutoka weupe kwenda manjano. Kwa msomaji wa usiku huu si urembo. Ukurasa wa manjano hafifu ndio unaokaribia karatasi ya kitabu, na wengi walioukosa hulalamika kwamba kifaa "kinafanana na hospitali".

Kioo cha bapa au kilichozama. Cha bapa, kilicho sawa na fremu yake, ni kizuri kupangusa lakini huakisi taa za juu. Kilichozama hakiakisi sana, ila vumbi hukaa kwenye kingo. Anayetafuta hisia ya karatasi kwa kawaida hupendelea kilichozama.

Rangi tuzipite haraka. Vioo vya rangi vya Kaleido 3 vina nukta 300 kwa maandishi meusi na 150 kwa rangi, na kichujio cha rangi hufanya ukurasa uwe na ukijivu, hivyo utawasha taa hata mchana. Kwa orodha iliyojaa M, rangi inakuondolea weupe wa ukurasa na kukulipa majalada yenye rangi iliyofifia.

Usishtuke: ukurasa kuwaka mweusi kwa nukta ya sekunde si ubovu. Kioo kinajisafisha. Vivuli vya ukurasa uliopita vikikukera, nenda kwenye mipangilio uamuru kioo kijisafishe kila ukurasa au kila sura.

## Hatua ya 5: Jaribu mkononi

Pima kitabu chako cha kurasa 300 kwenye mizani. Kisha linganisha: Kindle ya inchi 6 ya mwaka 2024 ina gramu 158, Kobo Clara BW gramu 174, Kindle Paperwhite ya inchi 7 ya 2024 gramu 211. Kumbuka kava linaweza kuongeza gramu 100 hivi, na ghafla kifaa chepesi kimekuwa na uzito wa riwaya nene.

Shika kifaa kwa mkono mmoja kwa dakika 15 ukiwa umekaa vile unavyosoma nyumbani, si umesimama kaunta. Kama hakipo cha kujaribia, kata boksi gumu la vipimo vyake, ulifungie sarafu au mawe mpaka lifikie uzito huo. Inachekesha, lakini inafanya kazi.

Sikiliza kidole gumba. Kwenye kioo cha kugusa bila vitufe utageuza ukurasa kwa kugonga, na kidole kikiteleza kidogo unaruka kurasa mbili. Vitufe vya pembeni huondoa kero hiyo, hukuwezesha kusoma umevaa glavu, na kidole hukaa mahali pamoja kama kilivyozoea kukaa kwenye kitabu. Kwa mtu wa karatasi, vitufe vina thamani kuliko nafasi kubwa ya kuhifadhia.

## Hatua ya 6: Usilipie usichotumia

Nafasi. Riwaya ya maandishi matupu mara nyingi haifiki megabaiti 2. Gigabaiti 16 hubeba maelfu. Zaidi ya hapo ni kwa vitabu vya kusikiliza na katuni.

Betri. "Wiki 10" kwenye tangazo huhesabiwa kwa nusu saa ya kusoma kwa siku, Wi-Fi imezimwa, mwanga wa wastani. Nusu saa mara siku 70 ni saa 35. Ukisoma saa 3 kwa siku, tarajia siku 11 au 12. Bado ni nyingi, lakini usije ukadhani umeuziwa kibovu.

Maji. Alama ya IPX8 kwa visomeo vingi ina maana ya kuzama kwenye maji baridi yasiyo na chumvi hadi mita 2 kwa dakika 60. Bahari na sabuni hazimo. Usichaji kikiwa kimelowa.

Matangazo. Baadhi ya Kindle huuzwa kwa bei ya chini zikiwa na matangazo kwenye kioo kilicholala. Kurasa za ndani hazina. Soma maelezo kabla ya kulipa.

Kalamu. Ya nini, kama hujawahi kuandika pembezoni mwa kitabu cha karatasi?

## Hatua ya 7: Nunua ukiwa umefumbua macho

Kipya: uliza muda wa kurudisha, na utunze boksi na risiti kwa siku zote 14.

Kilichotumika: usinunue mbuzi kwenye gunia. Fanya haya mbele ya muuzaji:

1. Kiwashe, ufungue mipangilio, uone jina la akaunti. Muuzaji aliondoe pale pale. Kifaa kilichobaki kwenye akaunti ya mtu mwingine, au kilichoripotiwa kupotea, kinaweza kukataa kusajiliwa upya.
2. Fungua ukurasa mtupu, utafute mistari isiyofutika. Chini ya kioo kuna tabaka la glasi nyembamba, na likipasuka mistari hiyo haitoki kamwe.
3. Gusa kona zote nne na katikati.
4. Pandisha taa hadi mwisho, kisha ishushe hadi sifuri.
5. Chomeka chaja, utikise waya kidogo. Chaji ikikatikakatika, tundu limelegea.
6. Unganisha na Wi-Fi. Kikikataa, usikubali maelezo.

## Hatua ya 8: Siku ya kwanza

Chaji hadi ijae kabla ya chochote. Masasisho ya kwanza hukataa kuanza betri ikiwa chini, na kukatika katikati ndiko kunakoua kifaa.

Unganisha Wi-Fi. Ukitumia simu kama chanzo na kisomeo hakiioni, kawaida simu inarusha kwa masafa ya gigahezi 5 wakati kifaa kinasikia 2.4 tu. Badilisha kwenye mipangilio ya simu. Akaunti ikikataa kuingia ilhali neno la siri ni sahihi, angalia tarehe na saa ya kifaa.

Weka kitabu kimoja. Kwa Kobo au PocketBook, chomeka waya, nakili faili la EPUB, kisha toa kifaa kwa utaratibu kwenye kompyuta kabla ya kuchomoa. Ukichomoa ghafla, faili linaweza kuwa nusu na rafu isilione.

Kwa Kindle, tumia Send to Kindle. Kwa barua pepe mwisho ni megabaiti 50, kwa tovuti 200. Ukituma kwa barua pepe na kitabu hakifiki, sababu ya kawaida ni moja: anwani unayotumia haimo kwenye orodha ya watumaji walioruhusiwa katika akaunti yako. Iongeze, utume tena.

Utajua umefaulu: kitabu kinafunguka, orodha ya sura inafanya kazi, na Wi-Fi ikizimwa bado kinasomeka. Sasa izime kweli. Betri itadumu, na duka halitakuita.

## Hatua ya 9: Tengeneza ukurasa

Watu huacha ukurasa ulivyotoka kiwandani, kisha wanasema kusoma kielektroniki hakuna raha. Fungua kitabu chako cha karatasi, ukiweke kando ya kisomeo, ufuate mpangilio huu:

1. Fonti yenye vikonyo (vijimkia kwenye ncha za herufi), kama Bookerly kwenye Kindle, ndiyo inayofanana na chapa ya vitabu.
2. Ukubwa: ongeza mpaka usome kwa umbali uleule unaoshikia karatasi. Hesabu herufi za mstari mmoja. Kati ya 40 na 60 ni sawa kwa kioo kidogo.
3. Unene wa herufi: pandisha hatua moja. Wino wa kielektroniki ni mwepesi kidogo kuliko wa mashine ya kuchapa.
4. Pembezo: zipunguze, lakini acha nafasi ya kidole gumba.
5. Upande wa kulia usinyooshwe. Hii ni muhimu kwa vitabu vya Kiswahili. Maneno yetu ni marefu, na vifaa vingi havijui kukata silabi za Kiswahili mwishoni mwa mstari. Ukilazimisha kingo zote mbili zinyooke, neno kama "walivyokwishakubaliana" linahamia chini na kuacha mianya juu kama meno yaliyong'oka. Panga kushoto, mianya inatoweka.
6. Takwimu: ficha asilimia na dakika zilizobaki. Acha namba ya ukurasa, kama kitabu kinayo.

Kamusi ya kugusa neno ni hazina kwa vitabu vya Kiingereza. Kwa Kiswahili, usiitegemee hata ukiipata na kuiweka: ukigusa "hawakunisomea", kifaa kinatafuta herufi hizo zilivyo, na kamusi inajua "soma" tu.

## Hatua ya 10: Kitabu kimoja, siku 14

Chagua kitabu chenye M, cha kurasa 200 hadi 300, ambacho hujawahi kukisoma na usichokuwa nacho rafuni. Ukikisoma kile ulichonacho kwenye karatasi, mkono utakwenda rafuni siku ya tatu. Weka kitabu hicho peke yake kwenye kifaa. Vitabu 400 vya bure siku ya kwanza hugeuza msomaji kuwa mpangaji wa rafu.

Siku ya 1 hadi ya 4 utasoma polepole, na utapoteza ile kumbukumbu ya "ilikuwa ukurasa wa kushoto, chini". Ni kweli hupotea, na hairudi. Badala yake weka alama kwenye sentensi kwa kuibonyeza na kuivuta. Kwenye Kindle alama hizo hukusanyika kwenye faili la maandishi liitwalo My Clippings, ambalo unaweza kulinakili kwenye kompyuta.

Kuanzia siku ya 5 angalia dalili moja tu: je, kuna wakati ulisahau kwamba umeshika kifaa? Ikitokea hata mara mbili kabla ya siku ya 14, kitabu kijacho kitakwenda vizuri.

Kibebe ndani ya kava gumu, na usikiweke chini ya vitabu kwenye begi, kwani glasi ya ndani huvunjika kwa kubanwa hata kama kava halina mkwaruzo. Usikiache ndani ya gari juani. Kindle, kwa mfano, imepimwa kufanya kazi kati ya nyuzijoto 0 na 35.

Siku ya 14 ikifika na umesoma chini ya theluthi, rudi kwenye orodha ya hatua ya 1 kabla ya kukilaumu kifaa. Pengine alama za M uliziweka kwa ukarimu. Kama umeamua kukirudisha au kukiuza, nakili alama zako kwanza, ondoa akaunti yako, rudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani, kichaji hadi nusu, ndipo ukiweke kwenye boksi.